Nusu Kidonge cha Wifi

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, ila kwanza niahidi kwamba utasoma mpaka mwisho ndipo unicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha nyumbani na kazini.

Mimi ni mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare za shule, huu mwaka wa kumi na moja, na meza ya kukatia ndiyo heshima yangu, kwa sababu mshonaji akikosea anafumua lakini mkataji akikosea basi tena, na mimi nilikuwa sikosei. Tangu mwaka jana mwili umenigeuka, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nywele zinabaki kwenye kitana, choo mpaka nikibembeleze, nanenepa na hamu ya kula sina, na baridi ndiyo usiseme, navaa sweta kwenye chumba cha pasi ambako wenzangu wanajipepea kwa vipande vya maboksi, na kichwa kimekuwa kizito, naingia stoo nasimama katikati nikijiuliza nimefuata nini. Mwisho wa yote nikatandaza kitambaa tabaka zote zikitazama juu, nikaweka pateni, ile karatasi ya kufuatishia, ya mkono wa shati, nikasahau kuigeuza kwa mikono ya kulia, nikakata, na washonaji wakapokea mikono tisini na sita, yote ya kushoto. Wakanibatiza Mama Kushoto. Mwenye karakana yeye hakucheka, alisema nikirudia ananihamishia meza ya vifungo, na mshauri, meza ya vifungo ni ya wanaojifunza kazi.

Nikaenda hospitali nikatolewa damu, daktari akatazama karatasi akasema tezi yangu ya shingoni inazembea kidogo, kipimo kiko mpakani, hakijafika pa kuanzishiwa dawa, nirudi baada ya miezi mitatu kirudiwe. Nikamuuliza, sasa mimi ni mgonjwa au mzima? Akasema, "Tuseme tunakuangalia," akaita anayefuata.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Kipimo hiki kikipanda ndipo tezi inazembea, na kikomo cha juu kwenye karatasi kilikuwa nne nukta tano, changu kilikuwa tano nukta nne, akavaa miwani akasema, "Ukizikadiria kwa namba nzima iliyo karibu, zote mbili ni tano. Uko sawasawa na kikomo." Tangu siku hiyo nikisema nimechoka ananijibu, "Tano," anaendelea kusahihisha madaftari.

Aliyeniamini ni mmoja tu, wifi yangu, dada yake huyohuyo mwalimu, karani wa mapokezi kwenye ofisi moja hapa mjini, ambaye alitolewa tezi yote kwa upasuaji miaka sita iliyopita na humeza kidonge kila asubuhi. Alinishika mkono akasema, "Wifi, hayo yote nayajua, yalinipata." Akachukua kisu akakata kidonge chake katikati, nusu yake nusu yangu, na kila asubuhi napitia kwake kabla ya kazi. Hii ni wiki ya saba, na nimepata nafuu kweli, kichwa kimetulia na nakata mikono ya kushoto na ya kulia kama zamani. Wifi ndiye siku hizi ananishinda kwa uvivu, juzi alisinzia mezani mpaka mgeni akagonga kioo, na uso umemvimba kidogo asubuhi, tunataniana kwamba uzee umemwahi.

Shida yangu ni hii, Alhamisi ijayo narudia kipimo, na damu yangu ina dawa, kwa hiyo itatoka safi na nyumbani wataniambia si tulikwambia huna kitu, na nikisema ukweli daktari atanigombeza na wifi ataaibika. Nimewaza niache kidonge hizi siku zilizobaki ili kipimo kiharibike vizuri, nipate majibu mabaya yenye muhuri niyabandike ukutani, mwalimu ayaone kila akinywa chai. Kila jioni naomba niwe mgonjwa kwenye karatasi kama nilivyo mgonjwa mwilini. Je, ni dhambi, na nifanyeje?

Ni mimi Mama Kushoto, mkata sare.

*

Mama Kushoto, nimefika mwisho kama nilivyoahidi. Nilicheka kwenye mikono ya shati na nikacheka kwenye hesabu za mwalimu, lakini nilipofika kwa wifi kicheko kilikauka.

Pole kwanza, na nasema kwa moyo. Anayeumwa bila karatasi ana kazi mbili, kuumwa na kutoa ushahidi. Daktari hakukosea kungoja, maana vipimo vya mpakani mara nyingi hurudi sawa vyenyewe, na dawa hiyo ikizidi mwilini huukimbiza moyo. Alichokosea ni kukuacha utoke mlangoni bila neno la kwenda nalo nyumbani. Na huyo bwana akadirie urefu wa ubao wa darasani, damu ya mkewe aiache kama ilivyoandikwa. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Sasa zamu yako. Wewe ni fundi. Mtu akikuletea kitambaa alichokwisha kukipunguza pembeni, akanyamaza, kisha akakuomba ukipime na kukata suruali, ungemfanya nini? Hicho ndicho unachotaka kumfanyia daktari Alhamisi. Na ukiacha kidonge kwa hila ili kipimo kiharibike, utakuwa umeghushi cheti kwa damu yako mwenyewe, halafu utibiwe kwa cheti hicho.

Nafuu yako siibishii, ila hujui imetoka wapi. Huenda ni kidonge. Huenda ni kwa vile kila asubuhi kuna mtu anakufungulia mlango na kuamini unachosema. Na huenda una upungufu wa damu ambao hakuna aliyeutafuta, kwa kuwa nyumba nzima mnabishania tano.

Lakini lililonitoa jasho umelitaja kwa kupita, kama mtu anayesema jana palikuwa na mawingu. Wifi yako anasinzia kazini na uso umevimba, nanyi mnataniana. Mama, wewe una tezi inayozembea, mwenzako hana tezi kabisa. Kile kidonge ndicho tezi yake, na mmekikata katikati kwa kisu cha jikoni wiki saba. Dalili zako umeziandika aya nzima, na zilipohamia kwake ukaziita uvivu na uzee, kosa lilelile unalowalaumu wengine. Nimekasirika nawe kwa hilo, na sifichi.

Basi, hiyo nusu iishie leo. Usingoje Alhamisi. Kesho mwende hospitali wewe na wifi, na pakiti ya dawa mkononi, na yeye ndiye atangulie kuingia. Mweleze daktari wiki zote saba bila kupunguza hata siku. Atakugombeza, msikilize, akimaliza muulize kipimo chako kirudiwe lini dawa ikishatoka mwilini, kama upimwe na wingi wa damu, na dalili gani ikizidi urudi mapema. Mume wako mchukue pia, akae kitini asikie kwa masikio yake. Kazini mwambie mwenye karakana kwamba kwa sasa, kila ukishatandaza, mwenzako mmoja atazame kabla hujashika mkasi. Uliharibu mara moja katika miaka kumi na moja, atakuelewa.

Na ujiandae kwa hili, kipimo kinaweza kutoka safi kabisa na wewe ukawa bado umechoka. Utarudi kwa daktari tena, useme tena, mpaka watafute kwingine. Mtu mzima akisema anaumwa hahitaji muhuri kwanza ndipo asikilizwe.

Habari ya dhambi muulize anayekusalisha. Mimi nataka uweke gazeti chini umpigie simu wifi yako, umwambie kesho asubuhi ameze kidonge chake kizima kama alivyoandikiwa. Atacheka, atakwambia yeye hana kitu, amechoka tu. Usimkubalie.