Ziwa Lisilo na Mamba

Mpendwa dada,

Nimefika Naivasha na kurudi. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikikucheka ukisema utauza maembe mpaka upate nauli ya kwenda kumwona binti yako na "ule mlima wake". Mlima upo, dada. Umesimama kando ya ziwa kama Rehema alivyokuwa akikusimulia kwenye simu, na mji wenyewe ni mdogo, hoteli na maduka ya vinyago. Watalii wanapanda mashua kwenda kuangalia viboko. Viboko! Wale wale waliotumalizia mahindi huku Garsen, tukilala dunguni na kupiga madebe hadi mikono inauma. Ungecheka mpaka ukae chini. Mimi sikucheka, maana sikwenda kutembea.

Mama ndiye aliyenituma. Rehema alikuwa ameambiwa tu kwamba umefariki. Kilichokuua, mama alikataa asiambiwe kwa simu. "Neno hilo linataka mtu," alisema. "Nenda ukamwambie umemshika mkono."

Siku nzima nilikuwa nalo kooni. Rehema akanionyesha chumba anachofulia mashuka ya wageni, akaninunulia samaki. Akaniuliza uliugua nini, nami nikamwambia ale kwanza.

Jioni akanipeleka ziwani. Akainama kunawa mikono.

Dada, hata sijui ilikuwaje. Nilimrukia, nikamkamata gauni kwa nyuma, nikamvuta hadi akaangukia matopeni. Kisha nikaokota fimbo nikawa napiga maji, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo: piga maji kwanza, halafu chota kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, na mguu wako usiguse mto. Watalii wakageuka kutazama. Mwenye mashua mmoja akaangua kicheko.

"Mathe, tulia! Huku hakuna mamba, hata mmoja!"

Rehema hakucheka. Alibaki amekaa kwenye tope, ananitazama.

"Mama mdogo," akasema, "mamangu hakuugua."

Nikamwambia hapana, hakuugua.

"Alikuwa anachota maji?"

Nikamwambia ndiyo. Kwamba bomba la kijiji lilikuwa limekauka tena. Kwamba nilisikia ukiita mara moja tu, nikakimbia, nikakuta leso yako ukingoni na ule mti wa kuchotea. Kama uliteleza au ulifuata mtungi, sijui. Vijana walikutafuta kwa mitumbwi mpaka wakakata tamaa. Yote hayo nilimwambia bila kumshika mkono, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado imeshika fimbo.

Nina hasira, dada. Nalichukia ziwa lile. Maji mengi hivyo, mtoto anatia mkono na kuutoa, na watu wanapita zao kama si kitu. Wewe uliyeuheshimu mto maisha yako yote ndiwe uliyechukuliwa. Kwenye matanga yako mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Wenzangu waliitikia amina. Mimi nilitazama chini.

Rehema nimerudi naye nyumbani, na leo tumezika leso yako, kwa kuwa hatuna kingine cha kuzika. Rehema aliikunja mwenyewe, akaiweka kaburini.

Ila nataka ujue la asubuhi. Waombolezaji walihitaji kupikiwa, na bomba bado halitoi hata tone. Nikachukua mtungi nikaenda pale pale ulipochukuliwa, maana kwingine ukingo umebomoka. Rehema akanifuata. Nilimkataza, hakusikia. Mbishi kama wewe. Nikapiga maji, nikapiga tena. Nilipoinama kuchota, nikahisi gauni langu limekamatwa kwa nyuma, kwa mikono miwili.

Hakuniachia mpaka mtungi ukajaa.

Pumzika, dada, popote mto ulipokulaza. Kesho zamu ya maji ni yangu tena.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemfundisha kuchota