Pazia Nyuma ya Dereva

Jumapili, 3 Julai 1983

Kombi bado iko juu ya mawe. Mwaka wa pili sasa! Bwanangu Walter ameshinda chini yake tangu tutoke kanisani, miguu tu ndiyo inaonekana. Majirani hapa Buruburu wameacha hata kucheka. Wamezoea. Mimi sijazoea. Sufuria yangu nzuri imejaa oil chafu.

Eti ina kitanda ndani, na jiko. Mzungu aliyemuuzia alikuwa akitembea nayo mbugani. Sisi tunaenda mbuga gani?

Jumatano, 6 Julai

Daktari ameniita kando. Tumpeleke mama nyumbani, amesema, huku akiangalia saa yake. Nimeelewa.

Mama yuko Kaloleni, hapa hapa mjini, kwa mdogo wake, Benta. Kwangu hawezi kulala – mama mkwe halali kwa mkwewe, hata akiwa mgonjwa, hata kama hapa ni Nairobi. Nilianza kumweleza kwa kuzungukazunguka, akanikatiza. Anataka kufika nyumbani Ugenya macho yake yakiwa wazi, aone boma lake. Hataki kupelekwa ndani ya sanduku.

Ni mwendo wa siku nzima, kupitia Kericho kwenye baridi, kisha Ahero na mbele; basi haliwezekani. Hawezi kukaa, hata umwekee mito. Ni kulala tu. Nimerudi nikamkuta Walter na spana zake, nikamuuliza kwa upole, hiyo kombi yako itaenda lini? Akaweka spana chini. Siku nyingi sijamuuliza hivyo.

Ijumaa, 8 Julai

Engine haijafungwa na Walter anashona pazia! La maua, kwa cherehani yangu. Nimefoka. Mama yangu anakufa na wewe unashona?

Akanieleza polepole. Pazia ni la nyuma ya dereva. Yeye mbele, mama nyuma, wasionane. Miaka yote hii hajakaa chumba kimoja na mkwewe, hawezi kumtia aibu sasa akiwa amelala chali.

Nimempigia pasi pindo la chini.

Jumamosi, 9 Julai

Imewaka! Moshi ulikuwa wa kufukuza nyuki. Jirani yetu Mbuthia akauliza maji yanatiwa wapi, akaambiwa hii haitumii maji. Gari lisilokunywa maji, akasema, nalo ni gari? Walter akacheka hadi machozi. Sijamwona hivyo tangu zamani.

Akanitaka nilale nyuma, mahali pa mama, tujaribu kitanda. Nikalala. Akafunga pazia, na ya madirisha pia. Ajabu – kutoka pale hujui uko wapi. Unasikia mtetemo mgongoni, basi. Nilidhani tumefika Embakasi, kumbe ndiyo kwanza tunaingia barabara ya Outer Ring, hapo karibu na nyumbani.

Halafu gia ya tatu ikaanza kuruka. Engine iko chini ya kitanda, mgongo ukaanza kuniungua. Harufu. Kimya. Wanaume wametusukuma mpaka nyumbani na Mbuthia hakusema neno, hiyo ndiyo iliyoniuma. Walter hakula.

Jumatano, 13 Julai

Mama amekataa uji.

Walter haendi kazini. Jana ilikuwa kabureta, leo ni valvu. Vidole vimempasuka. Simwamini, Mungu anisamehe. Lakini nina nini kingine?

Jumamosi, 16 Julai

Naandika ndani ya kombi.

Asubuhi tulimtoa mama Kaloleni na blanketi. Mimi na Benta tu tulitosha, amekuwa mwepesi hivyo. Walter aligeukia ukuta mpaka tukafunga pazia. Mama aliligusa lile pazia, akaniambia, "Mwambie baba ya watoto asante." Walter yuko hapo hapo, anasikia! Nikamwambia. Akajibu, kupitia kwangu, kwamba si kitu.

Ikaenda vizuri. Kweli ilienda. Mama akasinzia, na mimi mjinga nikaanza kufikiria nitampikia nini tukifika.

Tumekata kona kuingia Jogoo Road, hapa City Stadium, kishindo. Oil yote iko barabarani. Walter alifungua kifuniko cha engine huko nyuma, akaangalia, akafunga. Hakuchukua hata spana. Amerudi kukaa kwenye usukani wake. Benta ametoka kutafuta gari la watu na bado hajarudi, na sasa ni mchana, mawingu, ile baridi ya Julai. Ukitembea kidogo kurudi nyuma unauona mlango wa Benta.

Mama ameamka sasa hivi. Mikono yake barafu.

"Baridi hii," amesema. "Tumefika Kericho?"

Nje kuna watu wanaoenda mpirani.

"Ndiyo, mama. Hii ni Kericho."

Ameuliza mbona tumesimama. Nikasema dereva anapumzika kidogo. Nimesikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na viatu vya Walter vikizunguka.

Kombi imeanza kutikisika. Polepole. Hatuendi popote – yuko nyuma, ameweka bega, anaitikisa tu.

Mama amefumba macho. Amesema barabara ya huku imeharibika sana, nimwamshe tukifika Ahero. Nimesema sawa. Namsikia Walter akihema. Bado anatikisa.