Kompyuta ya Mwanne

Flavia shoga yangu, hebu sikia!

Tumetoka kununua kompyuta dukani, mtaa wa Mtendeni, sasa hivi. Mjukuu wangu Mwanne anapanda treni jioni kwenda kusoma shahada ya pili ya uchumi. Kompyuta isipofungua programu ya takwimu, huko chuoni atakaa akiwatazama wenzake.

Muuzaji kamshikisha moja inayong'aa kama sinia la harusi. Mwanne anataka kuijaribu, anaona haya. Muuzaji akanuna: "Binti, huniamini? Na ikitoka dukani hairudi!"

Hairudi, Flavia! Katamka hivyohivyo!

Nikaketi mlangoni, hapiti mtu. Nikasema, "Enzi za Ujamaa, redio haikutoka duka la ushirika mpaka iimbe. Mwanne, chomeka flashi yenye hiyo programu."

Akachomeka. Muuzaji akajifuta paji la uso. Ikazunguka, ikazunguka, ikazima. Ikazima kabisa!

Mwanne machozi haya hapa. Akavuta nyingine rafuni, nyeusi iliyochubuka, akachomeka bila kuomba ruhusa ya mtu. Programu ikafunguka!

Muuzaji akaniuliza, "Bibi, kumbe unajua kompyuta?"

"Hata kuiwasha sijui, baba. Namjua mwanamume anayetoka jasho chini ya feni."