Sahihi Yako Mahali pa Baba

Duka la Ushonaji la Pandu,
Rockey Street, Yeoville,
Johannesburg.

Jumapili, 24 Septemba 2017

Mpendwa Dada Zabibu,

Assalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu. Mguu unaendeleaje? Zile dawa za presha unazimeza kila siku, au siku ukikumbuka, kama mwaka jana? Na ule ukuta wa uani, fundi amekuja kuumaliza au bado anakula pesa ya chai tu? Niambie yote. Sisi huku ni wazima. Baridi imekwisha, watu wa Yeoville wameanza tena kukaa nje. Kifua changu kimetulia. Hasira haijatulia, lakini hiyo haina dawa ya duka.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimeiacha makusudi. Kwenye simu ningefoka, nawe ungeilaza mezani ukaendelea kuchambua mchele mpaka nichoke, kama ulivyozoea. Barua hii anakuletea Mussa muuza vitenge, anayerudi nyumbani kwa basi keshokutwa. Nimemwapisha aifikishe Ngamiani, mkononi mwako.

Habari kubwa ni ya Fauzia, na unaijua. Hata hivyo nitaisimulia tangu mwanzo, kwa sababu mimi nilifichwa siku kumi na nane nzima.

Mwezi wa Juni mtoto aliomba kusomea kazi ya maabara ya hospitali, katika chuo kimoja binafsi hapa mjini. Chuo hicho huamua mapema. Hutazama matokeo ya darasa la kumi na moja, kisha mwezi wa Septemba hutoa jibu, kabla mtoto hajafanya mtihani wake wa mwisho. Anayekubaliwa hupewa siku kumi kurudisha karatasi iliyosainiwa na baba au mlezi. Siku hizo zikipita, nafasi anapewa mwingine.

Karatasi hiyo ina ukurasa wa tatu. Waliuongeza baada ya wanafunzi kuandamana mwaka juzi na mwaka jana kwa ajili ya ada. Mzazi anaahidi kwamba mwanawe hatashiriki mgomo wala maandamano yoyote, na akishiriki afukuzwe bila kusikilizwa. Bila kusikilizwa, dada! Hata mwizi wa kuku huulizwa kuku alimpata wapi. Nilipousoma kwenye nakala iliyokuja na fomu za maombi, niliwaita wazazi wenzangu ukumbini hapa Yeoville, Watanzania, Wakongomani na Warundi, nikawaambia kwamba ukurasa ule ni kumtia mtoto kitambaa mdomoni na kumlipisha mzazi bei ya kitambaa. Nikawaambia tukikataa wote wataufuta, kwa kuwa hawawezi kufundisha viti. Walipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuangalia. Théodore, yule wa Bukavu anayelinda benki, ndiye aliyenishikia kipaza sauti. Binti yake Victoire aliomba pamoja na Fauzia.

Usidhani kwa ukali huo sikuwa na hofu. Wewe peke yako nakuambia: tangu mama yake Fauzia afariki, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka mtoto yule akubaliwe. Nilishakata koti jeupe la maabara, kitambaa kizito, mifuko mitatu, nikalishona kwa kukisia vipimo ili asijue. Nilikuwa nalificha chini ya sare za shule. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimwuliza, "Wamejibu?" Kila asubuhi alinijibu, "Bado, baba." Simu iliyoandikwa kwenye maombi ni yake, kwa hiyo sikuwa na pa kuchungulia. Siku moja nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye sare ya mtoto wa watu. Léocadie, msusi wa mlango wa pili, alinicheka: "Eish, Papa Fauzia, hiyo nguo ni ya mutu ao ya kaa?"

Ijumaa nilishindwa. Nilifunga duka saa nne asubuhi nikaenda chuoni mwenyewe. Mfukoni nilikuwa na barua ya kurasa nne niliyowaandikia juu ya ule ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeiweka tayari kwa siku ya jibu. Dirishani alikuwepo binti wa Kizulu, mpole kabisa. Akafungua jalada.

"Baba, mlishajibiwa tarehe nne. Amekubaliwa. Na karatasi mmesharudisha."

Nikamwambia haiwezekani, sijasaini kitu. Akaligeuza jalada nione. Mahali palipoandikwa "Baba au mlezi" palikuwa na Z kubwa yenye mkia, ule mkia unaopita chini ya jina zima kisha unarudi kama umesahau kitu.

Dada, Z ile naijua. Ulipoachishwa shule darasa la pili ili ukae na mama, mimi nikirudi shuleni nilikuandikia herufi kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko. Mkia ule ulikuwa utundu wangu. Nilitaka jina lako lionekane la mtu mkubwa. Sasa umelitumia kunifuta mimi.

Yule binti akauliza, "Huyu Zabibu ni nani? Kama si mlezi, karatasi haifai, na nafasi yenyewe..." Alielekeza kalamu kwenye foleni iliyokuwa nyuma yangu.

Barua ilikuwa mfukoni. Haki yote ilikuwa upande wangu. Ningesema "simtambui", ukurasa ule ungebaki bila jina la ukoo wetu, na mimi ningerudi Yeoville nimenyooka. Nikasema, "Ni dada yangu. Kwetu shangazi ni baba."

Akatabasamu. "Oh, ubabekazi! Hata kwetu ni hivyo." Kumbe Wazulu nao humwita shangazi baba wa kike. Akafunga jalada, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Barua nilirudi nayo kama nilivyokwenda nayo.

Njiani nilimpitia Théodore nimweleze jambo lililonipata. Hakuweza kunitazama. Naye amesaini, tena siku ya pili tu baada ya jibu la Victoire.

"Mukubwa Pandu," akasema, akiinua vidole vinne, "weye uko na maneno. Miye niko na batoto ine."

"Na makofi uliyopiga ukumbini?"

"Ile ilikuwa maneno ya muzuri. Miye napendaka maneno ya muzuri."

Basi hivyo ndivyo nilivyopewa makofi. Kama mtu anavyoisikiliza taarabu harusini, kisha anakwenda kula pilau. Nimeuliza wengine watatu tangu juzi. Wote wamesaini. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia, "Pandu, tumeshindwa." Kama ni kushindwa, ningewasamehe. Wameniacha niendelee kugawa vikaratasi barabarani, wao wakivipokea na kunishukuru.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha Fauzia kwamba najua. Mtoto huyu, unajua, hunijibu Kiingereza hata nikimwita kula. Ijumaa alinijibu kwa Kiswahili, polepole, kama anayebeba glasi iliyojaa.

"Baba, darasa la tisa uliandika barua ya hijabu. Ulishinda. Mimi nilikula peke yangu mwaka mzima."

Hilo sikulijua. Barua yenyewe naikumbuka vizuri, kurasa sita kwa mwalimu mkuu kwamba aachiwe avae hijabu yake, na nakala yake ilichapishwa gazetini. Niliikata, nikaitundika dukani, na bado ipo ukutani. Hayo ya kula peke yake sikuwahi kuambiwa na mtu.

Sasa nakuja kwako. Sikulaumu kwa kumpenda. Sikulaumu hata kwa kusaini. Picha ya karatasi ilikufikia kwenye simu, mtoto analia, siku zinahesabika, ukaenda dukani wakakupigia chapa, ukaweka mkono wako, ukaipiga picha na kumrudishia. Sahihi ina tarehe sita. Lakini tarehe nane, Ijumaa, baada ya swala, ulinipigia simu. Uliniuliza kama nimekonda. Uliniuliza bei ya cherehani huku. Kisha ukaniombea dua, ndefu, kwamba majibu ya mtoto yatoke mema, nami nikaitikia amina, mjinga mimi, machozi yananitoka juu ya kitambaa cha watu. Dada, ulikuwa ukimwomba Mungu kitu ambacho tayari ulikuwa nacho kwenye simu yako!

Ninyi watu wangu mmekaa kikao juu yangu kana kwamba mimi ni presha ya mtu, isipandishwe. Nilipambana na walimu wakuu, wahariri na wenye nyumba, nikijua nyuma yangu nina watu. Nimegeuka nikakuta mmekaa mbali, mnanionea huruma.

Nafasi ni yake na sitaigusa. Ukurasa ule nitaupinga mpaka wauondoe, hata nikibaki peke yangu, na nimeshaanza kuiandika upya ile barua. Wewe nakudai kitu kimoja tu. Nataka maneno hasa aliyokuambia siku ile alipokuomba. Alisema, "Baba atakataa"? Au alisema, "Baba ataniharibia"? La kwanza nitalimeza, kwa kuwa ni kweli. Ningekataa siku ya kwanza na ya pili, na hata ya tisa. Siku ya kumi sijui. Labda ningechukua kalamu. Hiyo siku ya kumi mmeninyima, wewe na yeye, na sasa sitajua kamwe mimi ni baba wa namna gani. Ndiyo maana nataka kujua yeye anadhani mimi ni wa namna gani.

Koti amelikuta mwenyewe jana, akitafuta mkasi. Alilivaa, akasimama mbele yangu nimpime. Mikono ilikuwa mirefu. Nimeikunja, na vifungo vyote nimevitia leo kabla ya kukaa kuandika.

Nisalimie sana shemeji Muhammad, ingawa najua ndiye aliyekupeleka kupiga chapa, mwambie naye namsubiri. Msalimie mama mdogo Mwanaidi, umwambie kanga zake mbili ziko kwenye mzigo wa Mussa. Fauzia anawasalimu nyote. Yuko chumba cha pili na hesabu zake. Mtihani unaanza mwezi ujao.

Mungu akupe afya, aupe mguu wako nguvu, na akuzidishie umri tugombane sana. Mussa anarudi huku katikati ya Oktoba. Mpe jibu. Tafadhali, dada, lisiwe "bado".

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Pandu