Chumvi kwenye biskuti za mbwa

Jumatatu, 23 Desemba 1996

Na bado naambiwa nitabasamu. Leo kutwa nzima jikoni kwa Madamu, mtaa wa matajiri wa Kibenga, nimeoka biskuti za mbwa. Ni zawadi za Noeli kwa mbwa wa marafiki zake. Maini, mayai, unga mweupe. Mipaka ya nchi imefungwa kwa vikwazo vya majirani, sisi mtaani unga tunausikia jina tu, lakini mbwa hawajapata habari.

Kila pakiti ina utepe na jina la mbwa mwenyewe. Bijou. Prince. Mimi sijawahi kuandikiwa hata bahasha.

Niliomba vipande vilivyovunjika nimpelekee Aline wangu. Ana miaka mitatu na mbavu zake zinaonekana. Madamu akashtuka: "Apana, mama Aline! Chakula ya mbwa si ya mutoto. Hata chumvi haina. Chumvi inaharibu figo za mbwa."

Nikamjibu, "Ndiyo, Madamu." Kisha sinia ya mwisho nikaitia chumvi vizuri.

Alipoonja, nusura alie. "We! Unataka kuua Prince? Toa hii kitu kwangu!"

Nikaitoa. Nimeitoa mpaka nyumbani. Aline amekula nne, amelala na ya tano mkononi.

Naogopa, maana kazi ninayo hii moja tu. Kesho tunaoka za mbwa wa marafiki zake wa mtaa wa Gihosha, na Madamu amesema chumvi ataifungia kabatini.

Sukari hakuitaja.