Pumzi ya Bijou Toleka

Kabondo, Kisangani
Tarehe 10 Agosti 2025

Mpendwa Yaya Leila, dada yangu mkubwa,

Tangu uondoke, sauti moja haijanitoka masikioni: gurudumu bovu la valizi yako likikwaruza saruji pale uwanja wa ndege wa Bangboka, krr, krr, mpaka mlango ukafungwa. Wengine walilia. Mimi nilisikiliza gurudumu tu.

Huko Liège mnaendeleaje? Goti lako limepoa? Na mtoto, meno yameanza kutoka? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Papa bado anakohoa asubuhi, ila ukimwambia apumzike anajibu kwamba kifua ni chake.

Sasa habari ya Bijou. Unajua kuwa Lionel, aliyeichora katuni yetu, anaigeuza filamu ya watu wa kweli, nami ndiye Bijou, msichana wa toleka anayebeba abiria kwa baiskeli. Katika katuni sauti ilikuwa yako, na watoto wa mji huu wanaijua kuliko sauti za walimu wao. Ndiyo maana Lionel alikuomba urekodi maneno yote huko, ayaweke kinywani mwangu. Uliyatuma, na ni mazuri.

Juma lililopita tulijaribu. Nilimpakia jirani yetu, Mama Marie-Jeanne, pamoja na gunia lake la sombe, majani ya muhogo, nikapanda mlima wa kutoka daraja la Tshopo. Yeye si mwepesi, na mdomo wake haukupumzika.

"Kanyaga, mutoto! Asubuhi ulikula nini, chai mutupu?"

Nilicheka, pumzi ikanikatika, nikaendelea kukanyaga. Kisha Lionel akaondoa sauti yangu, akaweka yako, akawaita watu wa avenue yetu waje kutazama. Walipokusikia walipiga makofi. Katika picha tulipofika katikati ya mlima, makofi yakaisha. Mama Marie-Jeanne akasimama.

"Eh, Lionel! Huyu anaongea kama mutu anakaa kwa saloni. Donc miye niko mwepesi kama manyoya ya kuku?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Lionel na mimi.

Yaya, kosa si lako. Kwenye katuni ulitangulia kusema, Lionel akachora midomo ifuate. Mchoro unatii. Mwili wangu hautii: pumzi hukatika pale inapotaka, na neno hukatika pamoja nayo. Bijou wa katuni hajawahi kuchoka. Huyu wa sasa anachoka, na mimi nataka watu wamwone akichoka na bado akifika.

Nilimwambia Lionel turekodi sauti yangu. Alitikisa kichwa. "Madina, sans Leila hakuna Bijou. Watoto watakukataa." Alisema nusu ya kweli. Nilipowasemesha watoto kwa sauti yangu, walinifuata hadi nyumbani wakiimba, "Bijou ya uongo! Bijou ya uongo!" Halafu walewale wakagombania kupanda nyuma ya baiskeli.

Aliyeniumiza ni papa. Alisema, "Sauti ile ndiyo kitu cha yaya yako kilichobaki katika nyumba hii, na wewe unataka kukitoa." Hata mimi, nikikukumbuka sana, hufungua katuni nikafumba macho nikusikie. Nilitembea na neno lake siku kadhaa. Lakini katuni zile zipo na zitakuwapo, hakuna anayezigusa. Ninachokataa ni kuwa nguo inayovaliwa na sauti yako. Ukikasirika nitaelewa, ila usinyamaze. Nigombeze kwa simu.

Msalimie shemeji Aboubakar, umbusu mtoto kwenye mashavu yote mawili. Tonton Moussa anakusalimu, na Mama Marie-Jeanne anauliza kama huko kuna sombe. Mungu awafunike kwa rehema yake, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Jana nilifunga maikrofoni ndani ya kola, nikampakia tena Mama Marie-Jeanne, tukarekodi mlima wote kwa sauti yangu. Lionel amenuna, lakini hakuzima kamera. Maneno yako nimeyatoa kwenye kompyuta ya kazi na kuyaweka yote katika simu ya papa. Yuko uani sasa hivi, anakusikiliza.

Mdogo wako akupendaye bila kupunguza,
Madina