Marahaba ya Mgeni

Alhamisi

Bado nina hasira na yule meneja wa hoteli, ingawa moyo umejaa fahari.

Leo wanafunzi ninaowaandaa kwa ajira pale chuoni walifanya usaili wa mazoezi, na yeye ndiye mgeni tuliyemwalika awahoji. Mwanaidi wa Fukayosi, ambaye haoni, aliingia akasema, "Shikamoo." Meneja akanyoosha mkono, kimya. Mkono ukabaki hewani.

"Shikamoo, mzee," akarudia, wala hakubabaika. "Nasubiri marahaba yako nijue umekaa wapi."

Wenzake wakacheka. Meneja akashusha mkono. "Marahaba, mwanangu. Niko hapa mbele yako."

Basi Mwanaidi akamgeukia barabara, akajibu kila swali kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Mimi sikumfundisha hilo. Amekuja nalo kutoka kwao.

Nafasi ya mafunzo kazini hotelini kwake, meneja bado hajampa. "Tutaona," kasema. Hiyo tutaona naijua, na inanitia wasiwasi. Wangapi nimewaandaa vizuri, halafu...

Lakini wakati wa kuagana meneja alimfuata hadi mlangoni. Akanyoosha mkono tena, na safari hii akasema, "Mwanaidi, mkono wangu huu hapa."